Kisanduku cha Swali Moja

4 Februari

Dada,

Shikamoo. Najua utashtuka kuona bahasha badala ya ujumbe wa simu. Siku hizi simu tunaziacha getini tukiingia kazini na kuzichukua tukitoka, na nasikia ya kwangu imewahi kufunguliwa. Kwa hiyo mambo ya maana nayaandika kwa mkono na kuyaposti mwenyewe siku ya mapumziko. Hati yangu unaijua, vumilia.

Kiwandani hali si nzuri. Unajua kazi yetu ni kuvunja betri kuukuu za magari na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo, na moshi wake si wa kuvuta. Sasa feni kubwa ya kutoa moshi kwenye tanuru la pili imekufa tangu Septemba. Mimi ndiye fundi umeme, mimi ndiye niliyeandika kwamba mota imeungua, mara tatu, na mara tatu msimamizi akatia saini pembeni: "Imeonekana." Imeonekana! Watu wanatapika. Watu wanasahau majina ya watoto wao. Juzi mmoja alishindwa kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe, tukacheka, halafu tukaacha kucheka.

Nilimpigia mkaguzi wa usalama kazini. Anasema hawezi kufungua jalada kwa neno la mtu mmoja, anataka maelezo ya wafanyakazi ishirini. Nani ataandika? Aliyethubutu mwaka jana unga wake ulimwagika wiki hiyohiyo.

Kwenye chumba cha chai kuna kompyuta moja kuukuu waliyotuwekea tusomee, eti, masomo ya usalama. Mtandao wake ni wa kobe, kurasa za kawaida hazifunguki kabisa. Kwetu wewe ndiye mwenye kichwa. Huwezi kututengenezea kitu ambacho mtu anakaa, anaandika aliyoyaona, anaondoka, na asijulikane?

Mdogo wako,
Fundi


15 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili kazini wakati wa chakula cha mchana, na mara ya pili chakula kilinishinda.

Kitu chako nimekitengeneza. Usitegemee mapambo. Kinatumia njia nyepesi sana ya mtandao, maandishi matupu bila picha hata moja, kwa hiyo hata huyo kobe wenu atakimudu. Kinafanya kazi hivi. Kompyuta yenu inaomba ukurasa kwenye seva yangu. Seva yangu, badala ya kutoa ukurasa, inarudisha namba na swali moja. Mtu anaandika jibu, jibu linabandikwa mwishoni mwa anwani baada ya alama ya kuuliza, na anwani hiyo ndiyo inayorudi kwangu ikiwa imebeba maneno yake. Basi. Hakuna kujiandikisha, hakuna kuulizwa wewe nani.

Swali nililoweka ni "Umeona nini?" Nafasi ni herufi elfu moja na kidogo, mtu akizidisha, seva inamkatalia na inabidi aanze upya. Namba niliyoitumia ni kumi na moja, maana yake ni swali la siri: mtu akiandika, kwenye kioo zinatokea nyota tupu, hivyo aliyesimama nyuma yake hasomi kitu.

Programu iko kwenye flashi iliyomo ndani ya bahasha hii. Maelezo yakifika ishirini nitayapeleka kwa mkaguzi mwenyewe, nikiwa nimetoa kila jina na kila dalili ya jina. Ondoa wasiwasi. Nilikubeba mgongoni ukiwa na surua, sitakuangusha ukiwa na ndevu.

Dada yako


1 Machi

Dada,

Shikamoo. Kisanduku chako kinafanya kazi, na kimetuletea kichekesho cha mwaka.

Kuna mzee wetu pale tanuru la pili, tunamwita Babu Koleo. Miaka kumi na tisa ameshika koleo lilelile, na imebaki miezi kumi na mmoja astaafu. Yeye ndiye aliyejitolea kuanza, maana alisema wadogo wana watoto wa kusomesha. Akakaa, akavaa miwani, akaanza kugonga kwa kidole kimoja. Nusu saa nzima! Akabonyeza, seva yako ikamkatalia: maneno yamezidi. Nikamwuliza ameandika nini, kumbe Babu alikuwa hajafika hata kwenye moshi. Alikuwa bado anakusalimu. "Kwa heshima na taadhima, natumaini hujambo wewe na wote wa nyumbani kwako, sisi huku wazima isipokuwa kifua." Nikamwambia Babu, hii ni mashine, haina wa nyumbani. Akaniambia kila anayeuliza swali ana adabu yake ya kujibiwa.

Salamu amekubali kuzipunguza. Jina lake mwishoni amekataa katakata kulitoa. Anasema barua isiyo na jina ni ya mtu mwenye hila. Nimemwambia wewe utalifuta huko kwako, akaridhika.

Shida iliyobaki ni nyota. Wazee hawaoni wanachoandika, wakikosea hawajui wamekosea wapi, wanaudhika na kuondoka. Babu mwenyewe hajatuma bado, anasema yeye si mlevi, kwa nini aonyeshwe nyota mchana kweupe. Watano wamejaribu na kuacha. Chumbani mwenyewe hakuna anayechungulia, tunaingia mmoja mmoja. Anayekuwemo muda wote ni Mama Deki tu, mama anayepiga deki na kutupikia chai, na huyo hana neno na mtu. Ukichelewa anakufunikia kikombe chako kwa kisahani na kumfokea atakayekigusa. Tafadhali toa hizo nyota, tutafika ishirini upesi.

Mdogo wako,
Fundi


9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Babu Koleo amenichekesha hadi wenzangu ofisini wakaniuliza kuna nini. Mwambie na mimi sijambo, na wa nyumbani wazima.

Nyota nimezitoa. Ilikuwa kazi ya kubadili namba kumi na moja kuwa kumi, tarakimu moja, sikunyanyuka hata kwenye kiti. Sasa wataona kila herufi wanayoigonga. Nakuandikia mbiombio, naingia kwenye kikao. Wamenipa kuongoza kitengo kizima na kila mtu anataka kunisikia leo.

Wakazane.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Yametukuta.

Tulikuwa tumefika kumi na saba kwa hesabu yangu. Jumanne Babu Koleo akaitwa ofisini. Msimamizi alikuwa na karatasi mezani, akamsomea Babu maneno yake mwenyewe: feni, moshi, damu anayotema asubuhi, yule kijana wa vifungo, na mwisho jina lake kamili. Hakubadilisha hata neno. Babu anasema alijaribu kuisoma karatasi ile kichwa chini miguu juu kutoka upande wake wa meza, na kitu kilichomshangaza ni kwamba kati ya neno na neno palikuwa na alama ya asilimia na ishirini, neno, asilimia ishirini, neno, asilimia ishirini, mpaka mwisho. Tumekubaliana kwamba hizo ni alama za siri za msimamizi na mpelelezi wake.

Babu amefukuzwa kazi siku hiyohiyo kwa kuchafua jina la kampuni. Kiinua mgongo hakuna, matibabu hakuna, na chumba cha kampuni amepewa siku saba akihame. Alitoka getini ameshika koti mkononi, akashindwa kulivaa, nikamvalisha. Dada, nililia mbele za watu kama mtoto.

Sasa watu wanatafuta nani aliyemwuza. Kila kidole kinamwelekea Mama Deki. Ni yeye tu anayekuwa chumbani tukiandika, ni yeye tu anayepita mlango wa jikoni bila kupekuliwa, na tangu nyota zitoke, kioo kinasomeka. Wanasema alikuwa anasoma na kunakili. Mimi moyo unakataa, lakini moyo si ushahidi. Wameniambia nikuulize wewe uliyekitengeneza, na wameapa kwamba utakalosema ndilo litakalofuatwa.

Nakuuliza kama ndugu. Je, maneno ya Babu yanaweza kuwa yamevuja kwenye kisanduku chenyewe? Kama yanaweza, Mama Deki yuko salama. Kama hayawezi, basi ni yeye, na sitaweza kuwazuia.

Mdogo wako,
Fundi


10 Aprili

Mdogo wangu,

Pole. Mpe Babu Koleo pole yangu, na hizo pesa kidogo zilizomo ni zake za dawa.

Umeniuliza, nakujibu. Seva yangu nimeikagua mwanzo mpaka mwisho. Hakuna aliyeingia, hakuna aliyenakili, majibu yote kumi na saba yapo mahali pake na hakuna anayeyaona ila mimi. Kazi hii ninaifanya mwaka wa kumi na mbili, sikukosea. Mashine haina mdomo. Ukisikia siri imetoka, jua imetokea kwa binadamu. Ni binadamu gani, hilo siwezi kulisema kutoka huku nilipo, na nakuomba msiharakishe.

Kisanduku nimekifunga kwa sasa. Usiwaruhusu watu kuigusa tena ile kompyuta, na wewe mwenyewe usiiguse.

Dada yako


19 Aprili

Dada,

Barua yako ilifika mchana, na saa ya chai niliwasomea wote, nimesimama juu ya kiti. Nilisoma neno kwa neno. Nilipofika kwenye "mashine haina mdomo" hakukuwa na haja ya kuendelea.

Mama Deki alikuwepo. Alikuwa ameshika birika. Akatutazama mmoja mmoja, akafungua mdomo, nikadhani anajitetea, akaufunga. Mmoja akamwaga chai yake sakafuni mbele ya miguu yake. Kisha mwingine. Kisha wote. Na mimi nilimwaga. Akachukua deki akaifuta, dada, ndoo nzima ya chai, hakuna aliyemsaidia. Siku nne akaendelea kuja, akipika chai isiyonywewa na mtu. Siku ya tano wake za wafanyakazi wakamwendea mwenye nyumba wake, na jioni vitu vyake vilikuwa barabarani, na binti yake amekaa juu ya godoro. Kazini hajarudi tena.

Nilidhani ningesikia afadhali. Sijasikia. Mkaguzi naye amesema kumi na saba si ishirini. Feni bado imekufa, na pale tanuru la pili wamemweka kijana mwingine, anashika koleo la Babu.

Wameridhika lakini. Wanasema bila wewe tungekuwa bado tunanywa chai ya nyoka.

Mdogo wako,
Fundi


28 Aprili

Mdogo wangu,

Kaa chini kwanza.

Mama Deki hakufanya lolote. Ni mimi.

Nilijua tangu nilipofika kwenye ile asilimia na ishirini. Nafasi kati ya neno na neno haiwezi kusafiri kwenye anwani ya mtandao, hivyo programu inaigeuza kuwa alama hiyo. Hakuna mkono wa mtu duniani unaoandika hivyo. Karatasi ya msimamizi ilitoka kwenye kompyuta yenu, kwenye orodha ya anwani zilizokwisha kufunguliwa. Nilikueleza kwamba jibu linabandikwa kwenye anwani. Basi ile programu inakumbuka kila anwani. Msimamizi alikaa tu, akabonyeza mshale mdogo pembeni, na maelezo yenu yote ya tangu nyota zitoke yakamshukia moja chini ya jingine, la Babu likiwa na jina. Ninyi wengine aliwakosa kwa sababu hamkujitaja.

Kumi na moja ilikuwa inaiambia ile programu mambo mawili, ficha na usitunze. Nilipoigeuza kuwa kumi nilifuta yote mawili. Na si kwamba sikujua, nililijua hilo kama ninavyojua jina langu. Ilitakiwa nikae dakika kumi niiandikie programu amri ya kusahau, au angalau nikuambie muifute ile orodha kila mnapomaliza. Nilikuwa nawahi kikao.

Ulipouliza, nilichagua maneno. Isome tena barua ile utaona: nilizungumzia seva yangu, sikugusa kompyuta yenu. Kila sentensi ni ya kweli ukiichukua peke yake, isipokuwa moja, ile ya kusema sikukosea. Nilijiambia nimewaomba msiharakishe, basi nimetimiza wajibu. Nilijua mtaharakisha.

Unataka kujua niliogopa nini. Nilikuogopa wewe. Tangu baba afe wewe unaniita mwenye kichwa, unawaambia watu dada yangu hivi, dada yangu vile, na mimi nimezoea. Sikutaka siku moja unitazame kama mtu wa kawaida aliyeboronga. Kwa ajili ya hilo mwanamke nisiyemjua amelala barabarani na binti yake.

Panda juu ya kile kiti uwasomee barua hii kama ulivyoisoma ile. Jina langu litaje. Kisha mtafute Mama Deki, mwambie niko tayari kuja kupiga magoti mbele yake siku atakayoitaka.

Dada yako


20 Mei

Mdogo wangu,

Barua ya mwezi uliopita uliipata? Naandika tena maana nashindwa hata kufanya kazi. Nikimwona mama wa usafi ofisini kwetu natoka chumbani. Nitukane, nitaelewa. Niambie tu kwamba umewasomea na kwamba amepatikana.

Dada yako


8 Juni

Dada,

Shikamoo. Niliipata tarehe tano Mei. Nilikasirika mpaka nikaogopa mkono wangu, ndiyo maana sikuandika. Kisha nikakumbuka ni nani aliyeomba nyota zitolewe, hasira ikanirudia mwenyewe.

Mama Deki nimempata, Jumamosi ya tarehe kumi na saba. Anafua magunia nyuma ya ghala la nafaka, yeye na binti yake, wanalala hapohapo. Mikono imechubuka hadi viwikoni. Hakunifukuza. Aligeuza ndoo nikakaa. Nikatoa barua yako nikampa. Akaifuta mikono kwenye gauni, akaishika kidogo, akanirudishia. "Nisomee."

Nikadhani ni macho. Nikamsomea yote, mpaka kwenye magoti. Alisikiliza bila kuacha kukamua gunia. Nilipomaliza akaniambia, "Mwanangu, mimi sijui kusoma. Hata herufi moja. Miaka sita nafuta ile meza, sijui kilichoandikwa kwenye kile kioo ni nini."

Nikamwuliza kwa nini hakusema siku ile, neno hilo moja lingemwokoa. Akasema kwenye fomu ya kazi binti yake alimjazia kwamba amemaliza darasa la saba, bila hivyo wasingemchukua. "Ningesema mbele yenu, msimamizi angenitoa. Nikanyamaza, mkanitoa ninyi."

Hakulia, dada. Magoti yako hayataki, anasema hana muda wa kuyatazama. Alitaka kitu kimoja tu. "Utawasomea lini? Binti yangu anaitwa mtoto wa nyoka kila anapokwenda dukani."

Sasa nikueleze na mimi ya kwangu. Tangu siku ile ya kiti watu wananiheshimu. Wamenichagua kuwa msemaji wao, wananifuata kwa kila jambo, na kwa sababu hiyo tumepata maelezo matatu ya kalamu na karatasi na mkaguzi amekubali kuja mwezi wa nane. Nikiwasomea barua hii, wataniuliza nani alileta kisanduku, nani aliomba nyota zitolewe, nani alisimama juu ya kiti. Msemaji hatakuwepo, na feni haitatengenezwa, na yule kijana atakohoa damu. Ndivyo ninavyojiambia. Babu Koleo amenitumia salamu kutoka kwao, amelala kitandani hanyanyuki, anasema atakufa kwa amani kwa kuwa nilimfichua aliyemwuza.

Ile barua yako ya "mashine haina mdomo" haikumaliza saa moja mkononi mwangu. Hii nimetembea nayo mfukoni mwezi mzima, imeanza kukatika kwenye mikunjo.

Nilimwambia Mama Deki nitawasomea Jumatatu. Zimepita Jumatatu tatu.

Mdogo wako